Mbao za Nzabandora

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Uwamwezi aliingia katika nyumba ya jibini ya baba yake kuzigeuza jibini. Aliinua moja moja kutoka kwenye ubao, akaipangusa kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, upande wa chini akauweka juu, kisha akairudisha mahali pake. Jibini isiyogeuzwa huota ukungu na kushikamana na ubao, na hapo kijijini Karuba, katika vilima vya Masisi, aibu ya namna hiyo husimuliwa mpaka sokoni Mushaki.

Uwamwezi alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, na uchafu hakuuvumilia hata kidogo. Mama yake alipenda kumtania kwamba mbuzi akizubaa mbele ya binti huyu, ataogeshwa. Mdogo wake Ngabo, aliyekuwa na sababu zake za kukaa mbali na maji, hakuona kwamba huo ulikuwa utani.

Tabia hiyo aliitoa kwa baba yake. Papa Jean de Dieu alikuwa mtengeneza jibini, na katika kazi hiyo mtu mchafu hali. Nyumbani kwake kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyethubutu kuijadili. Ubao unaohama kutoka nyumba moja ya jibini kwenda nyingine lazima ukwanguliwe mpaka mti mtupu uonekane, uoshwe kwa maji ya moto na majivu, kisha uanikwe juani. Ukungu wa nyumba moja ukiingia katika nyumba nyingine, unaweza kuharibu kazi ya msimu mzima. Watengeneza jibini wote wa Masisi wanaijua sheria hiyo, na watoto wao wanaijua kabla ya kujua kusoma.

Wiki moja Karuba ilimpokea Mama Emérita Nzabandora. Alizaliwa hapo hapo, upande wa pili wa kilima, na baba yake, mzee Nzabandora, ndiye aliyemfundisha Papa Jean de Dieu kutengeneza jibini. Vita ilipowafikia, familia ya mzee ilikimbilia Goma. Mzee alifia huko, nyumba yake ya jibini ikabaki imefungwa miaka mingi, na Emérita akawa msanii. Alichora vilima vya Masisi kwa udongo, mkaa na majivu, na kazi zake zilikuwa zimeonyeshwa Kinshasa na hata ng'ambo ya bahari. Sasa jumba moja la makumbusho mjini Goma lilikuwa limempa ukumbi wake mkubwa, na maonyesho yangefunguliwa baada ya wiki chache. Kwa mara ya kwanza watu wa Masisi wangeweza kwenda kuiona kazi yake na kurudi nyumbani jioni hiyo hiyo.

Mama Emérita alikuja na msaidizi wake, Patient, kijana seremala kutoka Walikale, mpole na mwenye maneno machache. Walifungua nyumba ya marehemu mzee, wakazitoa mbao zote zilizokuwa zikibeba jibini zamani, wakazipanga chini ya kibanda uwanjani kwa Papa Jean de Dieu zisubiri gari la kuzipeleka Goma. Mama Emérita aliwaeleza wakubwa wa nyumba kwa nini anazihitaji. Watoto walikuwa shuleni, na hakuna aliyekumbuka kuwaeleza. Uwamwezi alisikia tu kwamba mbao hizo zitakwenda makumbusho. Akafikiri, kama ambavyo wewe pia ungefikiri, kwamba msanii atachora juu yazo.

Jumamosi baba na mama walikwenda Mushaki kuuza jibini. Mama Emérita alipanda mlimani mapema kuchimba udongo mwekundu, naye Patient akabaki nyuma kidogo kuzipiga mbao brashi ili kutoa vumbi, kisha akamfuata kwa njia asiyoijua. Uwamwezi alipotoka kufagia, akasimama mbele ya kibanda na kuziangalia mbao kwa mara ya kwanza kwenye mwanga mzuri.

Mbao zilikuwa na madoa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila mahali ambapo jibini iliwahi kukaa palikuwa na alama ya duara, nyingine za manjano, nyingine za kahawia, nyingine za kijani kibichi cha ukungu uliokauka. Mbao chafu namna hii, uwanjani kwa Papa Jean de Dieu, na tena za mgeni! Ubao wa darasani hufutwa kabla mwalimu hajaandika, na hizi nani angezifuta?

"Ngabo, washa moto," alisema.

Ngabo aliziangalia mbao, akaangalia pipa la maji, akaona Jumamosi yake inavyopotea. "Dada, balikuomba uzioshe?"

"Kuosha mbao kunaombaka ruhusa?"

Ngabo akawasha moto. Walifanya kazi asubuhi nzima. Ngabo alichota maji na kuleta majivu, na Uwamwezi alikwangua kwa kisu kipana cha baba yake, akifuata mti kwa urefu wake, bila kuuchimba, kama alivyofundishwa. Madoa yalikuwa yameingia ndani. Viganja vilimchubuka, akavifunga kitambaa, akaendelea. Jua lilipofika kichwani zilikuwa zimebaki mbao mbili tu, na nyingine zote zilikuwa zimeegemea ukuta, nyeupe na zenye kunukia mti. Uwamwezi alirudi nyuma hatua kadhaa kuziangalia. Alijisikia vizuri sana, na tayari alikuwa akifikiria atakavyojibu atakaposhukuriwa, kwamba haikuwa kazi kubwa.

Aliwasikia Mama Emérita na Patient wakishuka mlimani wakiongea. Kwa haya ya mtu anayengoja sifa, akamvuta Ngabo nyuma ya nyumba ya jibini ili waitwe.

Hawakuitwa. Mazungumzo yalikatika ghafla. Uwamwezi alipochungulia, alimwona Mama Emérita ameweka mfuko wa udongo chini na amesimama mbele ya ukuta, mikono ikining'inia. Aligusa ubao mmoja, akagusa wa pili, akafika mwisho wa mstari akarudi. Kisha akakaa chini, pale pale penye matope ya maji ya majivu, na kitenge chake kizuri.

"Patient," alisema kwa sauti ya chini, "nilikuambia upige brashi kidogo tu. Juu ya sababu gani ulizikwangua?"

"Mama, sikuzikwangua. Nilipiga brashi, nikakufuata, nikapotea njia kule mulimani. Njo ile tu nilifanya."

"Wewe njo ulibaki na mbao, na ulichelewa sana kufika kule mulimani. Muntu mwengine hakukuwa, ni batoto tu."

Patient alirudia kwamba hakuzikwangua. Mama Emérita alifunika uso kwa mikono yake, na alipoiondoa alionekana amechoka kama mtu aliyetoka safari ndefu. Akamwambia akusanye vyombo vyake vya useremala. Kesho apande gari la Goma, na kutoka Goma arudi kwao Walikale, kwa sababu hawezi tena kumkabidhi kazi. Patient akaenda kuchukua msumeno wake.

Nyuma ya nyumba ya jibini, Uwamwezi alisikia yote. Hakuelewa kosa lenyewe ni nini. Alielewa tu kwamba amefanya jambo baya sana na kwamba mwingine ndiye anayelipia. Ngabo alimshika mkono akamnong'oneza asitoke. Yule kaka ni wa mbali, alisema, kesho atakuwa ameenda, na baba hatajua kitu. Ngabo hakuwa mtoto mbaya. Aliogopa fimbo tu, na kwa kweli Uwamwezi aliiogopa pia.

Akamwangalia Patient akizungushia msumeno gunia, taratibu, na kufunga kamba. Aliona jinsi kijana yule alivyofunga fundo vibaya, akalifungua, akalifunga tena. Uwamwezi alishindwa kuendelea kuangalia. Alitoka, akavuka uwanja, akasimama mbele ya Mama Emérita, vitambaa vikiwa bado viganjani.

"Mama Emérita, ni miye. Ni miye njo nilikwangua mbao. Kaka Patient hana kosa. Na Ngabo pia, ni miye nilimutuma maji."

Mama Emérita aliangalia ile mikono midogo iliyochubuka.

"Uliona nini juu ya mbao, mbele ya kuzikwangua?"

"Niliona uchafu, Mama. Alama za fromaji za zamani," alisema, akiita jibini kwa jina la nyumbani.

"Zile alama njo zilikuwa kazi yangu."

Akainuka, akaenda kibandani akazichukua zile mbao mbili ambazo hazikuwa zimeguswa. Mmoja akauegemeza ukutani. Wa pili akauweka mbele yake, chini kidogo, hivi kwamba ukafunika nusu ya kila duara la ubao wa nyuma. Duara likikatwa nusu, kinachobaki juu ni mgongo wa mviringo. Uwamwezi akaona migongo imejipanga, mmoja baada ya mwingine, ya kijani na ya kahawia, na nyuma yake mingine iliyofifia. Hapakuwa na haja ya kuelezwa. Vilikuwa vilima vya Masisi, kama unavyoviona asubuhi ukisimama mlangoni Karuba, kabla ukungu wa mabondeni haujapanda.

Mama Emérita alieleza kwa upole ambao ulimuumiza Uwamwezi kuliko ukali. Siku waliyokimbia, baba yake aliacha jibini zote juu ya mbao, kwa sababu aliamini watarudi keshoye kuzigeuza. Hawakurudi. Jibini zilioza hapo hapo, zikaacha alama hizo. Ukuta mkubwa wa makumbusho ulikuwa ujazwe mbao hizo, kutoka sakafuni hadi juu, bila tone la rangi. Ulikuwa ndio moyo wa maonyesho yote, na sasa haupo.

Uwamwezi alilia kwa sauti. Mama Emérita alimgeukia Patient, akamwomba msamaha mbele ya watoto, bila kujitetea kwa neno lolote, akamwomba pia afungue gunia lake abaki. Patient akakubali kwa kichwa. Alikuwa mtu wa kusamehe upesi, ila macho yake yalikuwa mekundu.

Papa Jean de Dieu aliporudi na kuelezwa, hakumpiga binti yake. Alimwita kando, akamwambia maneno ambayo Uwamwezi aliyakumbuka kuliko fimbo. "Ukiosha kitu cha muntu bila kumuuliza, hata kama umeosha muzuri, umemunyanganya." Kisha akaenda kukaa na Mama Emérita, aliyekuwa ameshasema kwamba Jumatatu atawapigia simu watu wa makumbusho, awaambie ukuta mkubwa utabaki wazi.

Jumapili asubuhi, kabla ya misa, Uwamwezi aliingia kuzigeuza jibini kama kawaida. Mikono ilimuuma kwa chumvi. Aliinua ya kwanza, akaifuta, na alipotaka kuirudisha macho yake yakatua kwenye ubao. Chini ya jibini palikuwa na duara. Si la zamani sana, la manjano lililoanza kuwa kahawia, na kandokando yake mengine mengi, kwa sababu ubao unaoendelea na kazi huoshwa tu, haukwanguliwi. Alikuwa ameyaona maduara hayo kila siku ya maisha yake. Akainua jibini ya pili, na ya tatu, kisha akazirudisha haraka na kukimbilia nje.

Aliwakuta Mama Emérita na baba yake wakinywa chai. Akasema bila kupumua kwamba kila nyumba ya jibini ya Masisi ina mbao kama zile, hapa Karuba, Nyamitaba, mpaka Burungu. Mama Emérita alitabasamu kwa huzuni. Alimwambia ni wazo zuri, lakini mbao hizo ziko kazini. Nani atatoa ubao wake, jibini zake zilale wapi?

Uwamwezi akaonyesha ukutani. Mbao za mzee Nzabandora zilikuwa pale, zimekauka, nyeupe. Zilikuwa zimekwanguliwa mpaka mti mtupu, zimeoshwa kwa maji ya moto na majivu, zimeanikwa juani. Kwa sheria ya watengeneza jibini, zilikuwa tayari kuingia nyumba yoyote.

"Tuwapatie hizi," alisema. "Na wao batupatie zao."

Papa Jean de Dieu aliweka kikombe chini. Aliziangalia mbao, akamwangalia binti yake, akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika. Mama Emérita hakucheka. Alikuwa ameshika mdomo. Mbao za baba yake, ambazo zilikaa miaka yote gizani, zingebeba tena jibini katika vilima hivyo hivyo. Alisema hakuwahi hata kuthubutu kuliwaza jambo hilo.

Papa Jean de Dieu alitoa sharti moja tu. Katika kila nyumba, Uwamwezi mwenyewe ndiye atakayesema ilikuwaje.

Wiki iliyofuata, kila alipotoka shuleni, safari ilianza. Patient aliazima chukudu, ile baiskeli ya mti inayobeba mizigo milimani, wakapakia mbao nyeupe. Walipopanda, wote watatu, Ngabo akiwemo, walisukuma wakihema. Waliposhuka, Patient aliyeonekana mpole alipiga kelele za furaha kama mtoto, huku Uwamwezi akimkimbilia nyuma na kumwomba apunguze mwendo. Kijana alikuwa amesahau kabisa kwamba amekosewa, au alijifanya amesahau, na hapo ndipo Uwamwezi alipoanza kumpenda kama kaka.

Kusema hakukuwa rahisi. Nyumba ya kwanza alianza mara tatu. Nyumba ya pili alisema akiangalia miguu yake. Ilipofika Jumamosi, walipokwenda mbali hadi Nyamitaba kwa gari lililokodiwa na Mama Emérita, alikuwa ameshazoea kuinua macho. Na vizuri kwamba alikuwa amezoea, kwa sababu huko walimkuta Mama Laetitia, mjane mwenye nyumba ya jibini inayojulikana na ulimi unaojulikana zaidi.

"Nikikupatia mbao yangu," alisema Mama Laetitia, "fromaji yangu italala wapi? Chini na kuku?"

Uwamwezi akamweleza kila kitu tangu mwanzo, bila kuruka sehemu mbaya. Mama Laetitia alichukua ubao mweupe, akaupitisha kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho, akaugeuza, akaunusa. Kisha akauliza kama kweli ni yeye aliyekwangua, kwa sababu katika maisha yake ameona wanaume wenye ndevu wasioweza kukwangua hivi. Uwamwezi alisema ni yeye. Mama Laetitia akauangalia ubao, akamwangalia mtoto, akaanza kushusha jibini kutoka kwenye mbao zake, moja moja, akiwaita wajukuu waje wapokee.

Baada ya hapo habari ilikwenda mbele ya chukudu. Mama Laetitia alipiga simu kwa ndugu zake, nao wakapiga kwa ndugu zao. Kutoka Burungu mbao zilikuja zimefungwa kwenye pikipiki zinazobeba maziwa. Mbao nyeupe zilipokwisha, Patient alipasua nyingine kwa mti uliotoka msituni kwao Walikale, na Uwamwezi akaziosha zote. Safari hii aliombwa kuziosha, naye akauliza kwanza kama aanze, na wakacheka.

Siku ya ufunguzi wa maonyesho, magari mawili yalitoka Masisi asubuhi yamejaa watu waliovaa nguo za Jumapili. Wengi wao hawakuwahi kuingia katika makumbusho. Walipita mlangoni wakinong'ona kama wako kanisani, wakapita mbele ya picha za udongo na za mkaa, wakasema hii ni njia ya Mushaki, huu ni mteremko wetu. Kisha wakaingia ukumbi mkubwa na minong'ono ikakoma.

Ukuta wote ulikuwa Masisi. Vilima vilipanda nyuma ya vilima, safu juu ya safu. Vya chini vilikuwa vya manjano mbichi, kwa sababu mbao za Karuba zilikuwa changa. Vya katikati vilikuwa vyekundu kidogo, vya kahawia, vyenye kivuli cha moshi, kila nyumba na rangi yake. Juu kabisa, mbali, zilikaa zile mbao mbili za mzee Nzabandora zilizosalia, za kijani kilichofifia, kama vilima vya mwisho kabla ya mbingu. Uwamwezi alikuwa amebeba mbao hizo kwa mikono yake, na bado hakujua kwamba zitakuwa hivi.

Kisha ukimya ukavunjika. Mama Laetitia alikuwa ameutambua ubao wake. Alikwenda moja kwa moja akaweka mkono juu yake, na mlinzi alipomwambia kwa heshima kwamba vitu vya makumbusho haviguswi na mtu, akamjibu kwamba yeye ameugusa huu tangu mlinzi hajazaliwa. Watu wakacheka, wakaanza kutafuta mbao zao, wakiitana na kuonyeshana. Wageni kutoka mjini walisahau picha wakawafuata wao, wakiuliza maswali. Mkuu wa makumbusho alisema hajawahi kuuona ukumbi ule ukiwa na kelele nzuri namna hiyo.

Mama Emérita aliombwa aseme neno. Alisimama mbele ya ukuta, akasubiri watulie.

"Ukuta huu si ule niliokuja kutafuta," alisema. "Niliotafuta ulikuwa na huzuni ya nyumba moja. Huu umeletwa na nyumba zenu zote, na mbao za baba yangu sasa ziko kwenu, zinabeba jibini. Nataka mjue ulivyopatikana. Mtoto mmoja alifanya kosa kwa sababu ya bidii yake. Bidii ni nzuri, lakini inatakiwa iulize kwanza. Alipoona mtu mwingine anaadhibiwa kwa ajili yake, angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Mimi ningemfukuza mtu asiye na kosa, na ukuta huu ungekuwa mtupu leo. Alitoka akasema ni yeye. Watoto mlioko hapa, kosa likishafanyika hatuwezi kulirudisha nyuma, lakini ukilisema, tunaweza kukaa pamoja tukalitengeneza. Ukilificha, unabaki nalo peke yako, na halitengenezeki."

Akamwita Uwamwezi mbele. Alikwenda, akasimama chini ya vilima, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Patient alipiga kwa nguvu kuliko wote, mikono juu ya kichwa. Ngabo alipiga pia, huku akimweleza kila aliyesimama karibu kwamba maji aliyachota yeye.

Mama Laetitia aliinua mkono kutaka kuwanyamazisha watu, na wakanyamaza.

"Huyu mutoto anayekwangua mbao vile," aliuliza kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "ni wa nani?"

Katikati ya watu, kofia ikiwa mkononi, Papa Jean de Dieu alisogea mbele. Alikuwa mtu asiyejua kusifu, na kila mtu Karuba alijua hivyo. Machozi yalikuwa yakimtiririka wala hakuyafuta.

"Ni wangu," alisema. "Ule mutoto ni wangu."